Nyota Juu ya Kibla: Usiku Katika Mahame ya Kilwa

Ndugu msomaji, watu wengi huenda kutazama mahame mchana, jua likiwa juu, wakarudi zao kabla ya magharibi. Mimi mwenyewe nilikwisha kufika Kilwa Kisiwani mara mbili kwa mtindo huo: nikaona kuta, nikasoma kibao, nikanywa dafu, nikaondoka. Safari ninayotaka kukuhadithia ni ya namna nyingine. Mwezi wa Julai nilialikwa na vijana wawili wa Dar es Salaam, wapiga picha, nifuatane nao pamoja na wenzao wanne kwenda kupiga picha za mahame ya Kilwa na Songo Mnara usiku, tena usiku usio na mwezi. Waliniita kwa kuwa nimesoma kidogo habari za pwani, nao walitaka mtu wa kuwaeleza kile wanachokipiga picha.

Sikukubali mara moja. Nilijiuliza ni adabu gani kuingia msikitini na makaburini usiku wa manane, na vyuma na mataa, kwa ajili ya picha. Mtume wetu (S.A.W.) ameruhusu kuzuru makaburi kwa sababu yanamkumbusha mtu akhera, lakini kuzuru si kuchezea. Ama mjadala wa wanavyuoni juu ya picha zenyewe, sitauingia hapa. Vijana hawa walikuwa wakipiga mawe na nyota, si viumbe wenye roho. Mwisho nikakumbuka kwamba Kurani Tukufu imetuhimiza si mara moja tutembee katika ardhi na tutazame mwisho wa waliotutangulia, na sikuona mahali iliposema iwe mchana tu. Nikafunga mzigo wangu.

Njiani vijana walinifundisha kazi yao. Jicho la mwanadamu likitoka kwenye mwanga huhitaji kama nusu saa gizani kabla halijaona vizuri, na kurunzi nyeupe moja huharibu kazi hiyo yote kwa kufumba na kufumbua. Kwa hiyo kila mmoja wetu alipewa kurunzi yenye kioo chekundu, maana wekundu haulisumbui jicho sana. Kamera huwekwa juu ya stendi ya miguu mitatu isitikisike, na kilango chake huachwa wazi kwa sekunde 20 au 25, ikikusanya nuru ya nyota kidogo kidogo. Ukikiacha wazi zaidi, nyota hazibaki vitone tena. Huwa mistari, kwa sababu dunia inazunguka. Ukikiacha saa nzima, kila nyota huchora upinde wa nyuzi 15.

Nami nikawaambia jambo ambalo hawakulijua, ingawa wameishika kamera tangu udogo wao. Neno lenyewe "kamera" maana yake ni chumba. Na aliyekichunguza chumba hicho cha giza kwa majaribio, hatua kwa hatua, ni Mwislamu, Al-Hasan bin Al-Haytham, mzaliwa wa Basra wa mwaka 965 hivi, aliyeishi na kufia Cairo karibu na mwaka 1040. Alipanga taa kadhaa mbele ya tundu la chumba cha giza, akaona kwamba kila taa hutupa nuru yake mahali pake ukutani. Akiifunika taa moja, nuru yake peke yake ndiyo inayotoweka na nyingine hubaki pale pale. Kwa njia hiyo alionyesha kwamba nuru husafiri kwa mstari ulionyooka na kwamba nuru za taa mbalimbali hazichanganyikani tunduni. Alikiandika Kitabu al-Manadhir, nacho Ulaya wakakisoma kwa Kilatini kwa mamia ya miaka. Basi zingatia: katika karne hiyo hiyo ya 11 ndipo ilipojengwa sehemu ya kwanza ya Msikiti Mkuu wa Kilwa tuliokuwa tunauendea. Vijana walinyamaza kidogo, kisha mmoja akasema, "Maalim, kumbe tunarudisha chombo kwa wenyewe."

Kilwa Kisiwani ni kisiwa kidogo kusini mwa Tanzania, kinachotazamana na mji wa Kilwa Masoko, na mashua hukufikisha kwa muda mfupi. Katika karne ya 13 na ya 14 hapa ndipo palipokuwa na mji mkubwa wa biashara kuliko yote ya pwani hii. Dhahabu ilichimbwa katika nyanda za juu za Zimbabwe, ikateremshwa hadi Sofala, na Kilwa ndiyo iliyoishika njia ya Sofala. Pembe za ndovu nazo zilipita hapa. Vyombo vya kauri kutoka China, shanga na nguo kutoka Bara Hindi vilishukia hapa. Masultani wake walipiga sarafu zao wenyewe za shaba, na katika sarafu hizo jina la mtawala lilipangwa lifanye vina na sifa ya Mwenyezi Mungu iliyoko upande wa pili. Sarafu moja ya Kilwa ilipatikana Great Zimbabwe, mbali kabisa na bahari. Nyingine tano ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na hadi leo watu wanabishana zilifikaje huko.

Mwaka 1331 Ibn Battuta alishuka Kilwa, akauhesabu mji huu miongoni mwa miji mizuri kabisa aliyoiona. Sultani wa wakati huo alikuwa Al-Hasan bin Sulaiman, ambaye katika ujana wake alikaa Aden akisoma elimu ya dini, kisha akahiji. Watu walimpa lakabu ya Abul-Mawahib, yaani baba wa zawadi. Huyu ndiye aliyeupanua msikiti ukawa mara kadhaa ya ulivyokuwa, na ndiye aliyejenga Husuni Kubwa, jumba la vyumba zaidi ya 100 juu ya jabali la bahari.

Usiku wa kwanza ulikuwa wa msikiti huo. Tulifuatana na mzee mmoja wa Kisiwani aliyepewa kazi ya kutulinda. Au niseme kazi ya kuyalinda mawe na sisi. Tulipofika mlangoni mzee alivua makubazi yake. Hakusema neno. Sisi Waislamu watatu tukavua pia, tukaona haya kwamba hatukuwa wa kwanza. Mmoja wa wageni, Mzungu, akauliza kama ni lazima. Mzee akamjibu kwa upole: "Si lazima, mwanangu. Paa lilianguka, msikiti haukuanguka." Mgeni naye akavua, ingawa usiku wa kusi ulikuwa na baridi na sakafu ina kokoto.

Jibu la mzee lina historia ndani yake. Kuba kubwa na mapaa aliyoyajenga Al-Hasan bin Sulaiman yaliporomoka baada yake, na upande ule wa msikiti ukakaa gofu miaka mingi. Watu wa Kilwa hawakuuacha. Sehemu ya kale ya kaskazini ilibaki ikiswaliwa, mpaka katika karne ya 15, wakati wa Sultani Sulaiman bin Muhammad, walipoujenga upya upande ulioanguka. Mara hii hawakuweka tena zile nguzo za jiwe moja la matumbawe zilizochongwa kwa ustadi. Wakajenga nguzo za pembe nane kwa mawe madogo na chokaa. Si nzuri kama zile za kwanza, lakini nyingi zimesimama, nasi tulipita chini yake tukiinamisha vichwa. Husuni Kubwa, kwa upande wake, lilikaliwa muda mfupi likaachwa, na yako mambo mengi humo yanayoonyesha kwamba halikupata hata kumalizika. Mfalme mmoja alijenga vyote viwili. Kimoja kilipoanguka watu walikiinua, cha pili hakikuwa na wa kukiinua.

Hapo ndipo vijana walipogundua jambo la picha zao. Waliiweka kamera mbele ya mihrabu, wakakiacha kilango wazi kwa muda mrefu, na picha ilipotokea, pinde zote za nyota zilikuwa zimeinama juu ya kibla, moja ndani ya nyingine, kama matao yaliyojengwa juu ya tao. Walidhani ni bahati. Wakahamia msikiti mdogo wa makuba, ulio karibu, na huko nako ikawa vile vile. Wakaniuliza.

Jawabu ni jiografia. Makka iko karibu na mstari wa longitudo wa nyuzi 40 mashariki, na Kilwa iko nyuzi 39 na nusu. Maana yake ni kwamba anayeswali Kilwa huelekea kaskazini, karibu kaskazini barabara. Na nyota zote za mbinguni kaskazini huonekana kuzunguka kitu kimoja, ncha ya kaskazini ya mbingu, pale ilipo nyota ya Jaha, au Kutubu kama wengine wanavyoiita. Lakini Kilwa iko nyuzi 9 kusini mwa ikweta, kwa hiyo Jaha haionekani kamwe. Iko chini ya upeo wa macho, imezama nyuzi hizo hizo 9. Ukisimama katika safu ya msikiti wa Kilwa, kitovu cha mzunguko kiko mbele yako, chini ya ardhi, nyuma ya mihrabu, na nyota zinapita juu yake zikifanya matao.

Mabaharia wa zamani walilijua jambo hili bila ya kamera. Walipima kimo cha nyota kwa vidole na kwa kibao chenye uzi wa mafundo, na walipokuja kusini Jaha ikazama, waliichukua Farkadani badala yake, na nyota za Banati Naashi. Ahmad bin Majid, nahodha wa karne ya 15, mzaliwa wa Julfar karibu na Ras al-Khaimah, aliandika elimu hiyo kwa mashairi ili mabaharia waihifadhi, na njia ya Sofala ni moja ya njia alizozieleza. (Ile hadithi kwamba yeye ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama, wanahistoria wengi leo hawaikubali, na ingefaa nasi tuache kuirudia.) Mafundi walioiweka mihrabu ya Kilwa na manahodha walioleta meli bandarini walikuwa wakitazama mbingu moja.

Usiku ule ule, kabla ya alfajiri, tulitembea hadi Husuni Kubwa. Liko mbali kidogo na mji, na njia ni ya kichakani. Nataka kusema kweli juu ya mahali hapo, maana makala za namna yetu hupenda kusifu tu. Katika jumba hilo kuna birika la pembe nane lililoshuka chini ya ua, na vijana walitaka kulipiga picha lionekane kama kikombe cha nyota. Picha ni nzuri, nimeiona. Lakini mimi nilikaa ukingoni nikiifikiria habari moja ya Abul-Mawahib aliyoisimulia Ibn Battuta. Fakiri mmoja wa Yemen alimwomba Sultani nguo alizozivaa, naye akamvulia akampa. Mtoto wa Sultani akazirudisha nguo kwa kumlipa yule fakiri watumwa kumi. Sultani aliposikia watu wanavyomshukuru, akaongeza watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe. Tumezoea kuisimulia habari hiyo kama sifa ya ukarimu, na ukarimu ulikuwapo. Lakini wale ishirini waliotolewa zawadi walikuwa watu. Walikuwa na mama zao. Hakuna aliyeandika majina yao, wala hawamo katika sarafu zenye vina.

Tena jambo hilo halikukoma. Kilwa iliyoanguka baadaye iliinuka mara ya pili katika karne ya 18, na safari hii si kwa dhahabu. Mwaka 1776 Sultani wa Kilwa alifanya mkataba na Mfaransa Morice wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka, wapelekwe kwenye mashamba ya visiwa ambavyo leo ni Mauritius na Réunion. Jumba la Makutani, linalopendwa sana na wapiga picha kwa kuta zake ndefu, lilitengenezwa na kuongezwa katika zama hizo. Nilimwambia kijana aliyekuwa karibu nami kwamba picha isiyo na watu ni rahisi kuipenda. Akasema ndiyo sababu wanakuja usiku, watu wasiingie pichani. Sikumjibu; naye hakukusudia nilichokielewa mimi.

Kati ya kuinuka huko mara mbili wako Wareno. Vasco da Gama alifika mwaka 1502 akamlazimisha Amir Ibrahim kulipa kodi, na Julai 1505 Francisco de Almeida akaushambulia mji, askari wake wakaupora, kisha akajenga ngome. Walikaa hadi 1512 wakaondoka wenyewe. Waliondoka, lakini njia ya dhahabu walikuwa wamekwisha kuikata. Tulikuwa tumesimama pale katika mwezi ule ule wa Julai, kusi linavuma kama lilivyovuma siku hizo, na Kilimia ndiyo kwanza inachomoza mashariki.

Sasa nije kwenye usiku wa pili, ambao ndio hasa ulionifanya nishike kalamu.

Songo Mnara ni kisiwa kingine, kusini mwa Kilwa Kisiwani. Mji wake uliishi tangu mwisho wa karne ya 14 hadi mwanzo wa karne ya 16, ukaachwa, na haukupata kujengwa tena. Kwa sababu hiyo umehifadhi sura yake kuliko Kilwa yenyewe: nyumba za mawe zaidi ya 30, misikiti mitano, jumba kubwa, ukuta wa mji, na katikati uwanja wenye makaburi. Mwaka 1981 UNESCO iliyaandika mahame ya visiwa vyote viwili katika orodha ya urithi wa dunia. Mwaka 2004 yakatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa kuwa bahari ilikuwa ikila ufukwe na kuta zikianguka. Mwaka 2014, baada ya kazi kubwa ya ukarabati iliyofanywa pamoja na wenyeji, yakatolewa.

Kufika huko usiku usio na mwezi kuna sharti lake. Mwezi ukiwa kizani maji huwa bamvua, yanajaa sana na kupwa sana. Mashua hupita kwenye mikoko karibu na mahame maji yakijaa tu, yaani kama saa kumi alasiri. Yakipwa, hubaki matope hadi magotini. Basi ukiingia na maji ya alasiri hutoki mpaka maji ya saa kumi alfajiri. Nahodha alitushusha, akatutazama sisi saba na mzee wetu wa Kisiwani, akasema, "Mmefungiwa, hata mkipigana."

Kabla giza halijaingia mzee alitupitisha kila mahali tutakapokanyaga. Alituonyesha makaburi, akatukataza kupita kati yake, ingawa mmoja alisema stendi yake ingekaa vizuri pale. Katika makaburi hayo watafiti waliochimba hapa walikuta vijiwe vyeupe ambavyo watu wa zamani waliviweka walipokuja kuwazuru maiti wao. Chini ya sakafu ya nyumba moja walikuta lundo la sarafu za shaba zaidi ya 300, ambazo mtu alizifukia na hakurudi kuzichukua. Nani alimzuia? Wareno? Maradhi? Au alikufa tu kama tunavyokufa sote, na mkewe hakuambiwa zilipo?

Baada ya isha tuliingia katika nyumba moja iliyobakiwa na kuta ndefu. Vyumba vya nyumba hizi ni vyembamba, kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Ukutani kuna vidaka. Kijana mmoja aliweka kurunzi ndogo ndani ya kidaka kimoja, akaielekeza ndani, sote tukatoka nje ili apige. Nami nikitazama kutoka uani nikashtuka. Mchana nilikuwa nimeona gofu. Sasa niliona nyumba ambayo wenyewe wako ndani, wamewasha taa, na muda si muda mtu angetokea mlangoni kuuliza tunatafuta nini. Nilijikuta nimepiga hodi moyoni. Hakika sijapata kuona darasa la historia kama lile, na nimesomesha miaka mingi.

Saa sita za usiku zikapita, saa saba. Wageni walilala kidogo kwa zamu. Mwisho vijana waliweka kamera yao bora katika msikiti mmoja, ikitazama kibla, waache kilango wazi saa nzima. Waliniomba nisimame mbali, nje ya picha. Nilikwenda nyuma ya ukuta wa magharibi, nikadhani nimejificha. Miguu ikachoka. Nikataka kuegemea, nikarudi nyuma hatua moja, kisigino kikapanda kitu kilichojengwa, nikasikia sauti ndogo ya chokaa inayovunjika, na jiwe likaanguka.

Lilikuwa jiwe la tumbawe lenye ukubwa wa mkate. Lilikaa mahali pake miaka 500, likavumilia masika mangapi, na mizizi, na mbuzi, mpaka nilipokuja mimi niliyeitwa kuwaeleza watu thamani yake.

Hakuna aliyeniona. Wote walikuwa wakitazama mbinguni. Niliinama na kurunzi yangu nyekundu, nikaliokota, nikalipapasa mahali lilipotoka, nikalirudisha. Likakaa. Nikapangusa mikono nikasimama, na kwa muda wa dakika kumi hivi, ndugu msomaji, nilikusudia kunyamaza. Nilijipa hoja nzuri nzuri: jiwe limerudi, hakuna kilichopotea, na nikisema nitawaharibia vijana kibali chao. Mwenye kuandika makala za maadili huwa hakosi hoja.

Kisha nikaenda kwa mzee, nikamwambia. Hakukasirika. Alichukua kurunzi nyeupe, vijana wakapiga kelele kwamba atawaharibia picha, akaifunika kwa kikoi chake mpaka tukafika nyuma ya ukuta. Akalitazama jiwe kwa muda. "Maalim, umelirudisha kichwa chini," akasema. "Uso wenye lipu umeuelekeza ndani." Akanieleza kwamba ilifaa niliache chini pale pale lilipoangukia, maana mafundi wa ukarabati hujua jiwe limetoka wapi kwa kuangalia limeangukia wapi. Kulirudisha kwa siri ni kuwadanganya. Akalitoa, akaliweka chini karibu na nilipomwonyesha, akaweka kijiti kando yake. Kisha akasema, "Bahari inachukua, mizizi inachukua, na wageni wanachukua kwa miguu. Bahari hatuwezi kuisemesha."

Asubuhi palikuwa na maneno kidogo. Tulikuwa tumeswali alfajiri nje ya ukuta wa msikiti ule, kwa kuelekea kule kule ulikoelekea, na mashua ilikuwa imekwisha kuingia na maji. Mgeni mmoja alisema ni jiwe moja tu, kati ya mawe maelfu, na kwamba tukiripoti huenda makundi mengine yakakatazwa kuja usiku. Kijana aliyenialika hakuwa na raha; hii ni kazi yake, na anaishi kwayo. Alikuwa na haki ya kuona uchungu, nami sikuwa na la kumwambia ila kwamba mguu ulikuwa wangu na jina litakaloandikwa ni langu. Mzee alikaa kimya mbele ya mashua, akisubiri tuamue, ingawa nilijua kwamba yeye angesema kwa vyovyote.

Tulipofika Masoko nilikwenda naye ofisini. Ofisa aliandika: siku, mahali, ukuta upi, jiwe la ukubwa gani. Aliuliza tulikuwa wangapi na mlinzi alikuwa mmoja au wawili. Nikamjibu mmoja. Akaandika na hilo pia, akapigia mstari.

Wiki tatu baadaye kijana aliniletea picha nyumbani, imechapishwa katika karatasi kubwa. Matao ya nyota yameinama juu ya mihrabu ya Songo Mnara, moja ndani ya jingine, mazuri kupita nilivyoweza kusema. Chini, upande wa kushoto, juu kidogo ya ule ukuta nilioamini umenificha, kuna uzi mwembamba mwekundu. Unatembea, unashuka ghafla, unakaa mahali pamoja mpaka unakuwa doa, kisha unapanda tena. Ni kurunzi yangu.

"Ninaweza kuufuta, Maalim," akasema. "Ni kazi ya dakika mbili."

Nikamwambia auache.